Mihogo ya Siku Tatu

Wiki ile ya usaili sikuweza kutulia. Nikikaa, goti linatikisika. Nikisimama, nasahau nimesimama kwa ajili gani. Nilikuwa nimerudi Kamina kwa mama baada ya kumaliza udaktari wa baiolojia Lubumbashi, na maabara moja ya ng'ambo ilikuwa na nafasi moja, ya miaka miwili, kwa mtafiti wa jeni za seli za ubongo. Nilikuwa nimepita mchujo wa kwanza. Wa pili ungefanyika Ijumaa asubuhi, kwa video, katika ofisi ya parokia, maana nyumbani mtandao hukatika hata mtu akipiga chafya.

Pendekezo langu lilihusu konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ya watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha hadi sumu yake itoke. Watoto wawili wanakula bukari, ugali wetu wa mihogo, wa sufuria moja. Mmoja seli zake za ubongo zinazoamrisha miguu zinaharibika, mwingine anaendelea kuruka kamba. Nilidhani jibu liko katika jeni. Ili nilinganishe familia na familia, niliandika kwamba mihogo ikikaa majini siku tatu imetosha. Nilikuwa nimelisoma hilo mahali pengi. Kuloweka kwa mikono yangu, sijawahi. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa madaftari, na mama hakupenda niyaloweshe.

Alhamisi mama alikwenda misa ya asubuhi. Nilikuwa nimelisoma pendekezo mpaka likawa kama limeandikwa na mtu mwingine, tena mtu nisiyemwamini. Nikatafuta kazi ya mikono. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa la mihogo aliyoitia majini Jumatatu. Nikahesabu kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nikaitoa yote, nikaitandaza juu ya turubai, na kwa mara ya kwanza wiki ile goti likatulia.

Mama alirudi na jirani yetu, mke wa askari wa kambini, anayenunua unga kwake. Mama akasimama mbele ya turubai, akaokota muhogo mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakikuingia.

"Nani alitoa mihogo mu mayi?"

"Ni miye, mama. Siku tatu zimetimia."

"Siku tatu ya wapi? Mu mvua, sawa. Sasa iko baridi, mayi inauma mikono. Hii inaomba tano, mara ingine sita. Kidole njo inasema, haiko kalendari."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, huyu dokteri yako anatafuta dawa ya miguu, ao anatafuta bagonjwa?"

Tuliirudisha mihogo majini. Nilicheka nao, lakini kichwani nilikuwa nimeshaanza kuhesabu upya. Kama siku hubadilika na baridi, basi mtoto aliyekakamaa miguu huenda alikula tu mihogo ya mwezi wa saba, na mimi ningeisingizia damu yake kosa la maji. Pendekezo lilikuwa limeshatumwa. Ningeweza kunyamaza, wasaili wangu hawajawahi kuloweka muhogo hata mmoja. Halafu nikawaza, na kama mmoja wao amewahi? Halafu nikawaza, na kama hakuna, nani atanisahihisha?

Ijumaa, mbele ya kompyuta ya parokia, profesa mmoja mwanamke aliniuliza sehemu dhaifu ya mpango wangu ni ipi. Nilikuwa nimeandaa jibu zuri kuhusu idadi ya sampuli.

"Siku tatu," nikasema. "Nilizoandika si kweli. Si kwa majira yote."

Nikaitazama taa ya mtandao. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia," akasema. "Umejuaje?"

Nikawaeleza pipa, turubai na kidole gumba cha mama. Mmoja wao alicheka kidogo. Kwa siku kumi na moja zilizofuata nilikichambua kicheko kile: cha huruma, cha dharau, au cha mtu aliyekumbuka jambo lake. Nilifunga sanduku la safari, nikalifungua, nikalifunga tena.

Jibu lilikuja. Nafasi ni yangu. Lakini kabla ya kugusa jeni yoyote, nikae kwetu majira haya ya baridi na mpaka mvua zijazo ziishe, nipime joto la maji na sumu inayobaki katika kila pipa la mihogo.

Nilimsomea mama, nikimfasiria. Alisikiliza akiwa anamenya mihogo.

"Ulisoma miaka yote ile," akasema, "njo ukuje kuhesabu mihogo yangu?"

"Kwa sasa ndiyo, mama."

"Basi fungua ile valizi ya safari. Na ukuje hapa."

Akanisimamisha penye pipa, akanipa muhogo uliolowa. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Katikati palilegea, nchani sikuwa na hakika.

"Iko tayari?"

"Karibu."

"Karibu haiko jibu," akasema, akaniwekea mwingine mkononi. "Bonyeza hii."