Vinundu vya Mama na Sindano ya Majaribio

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kanisa letu huko Kamina, mji wa reli. Kwenye vifundo vya vidole na nyuma ya visigino alikuwa na vinundu vya manjano, vigumu, visivyouma. Sisi watoto tulidhani vimetokana na kutwanga.

Wakati wa vita, treni zilipokatika na askari kujaa mjini, daktari mmoja aliyekimbia mapigano alipewa chumba kanisani. Jumapili moja alimsalimu mama, akabaki ameushika mkono wake.

"Mama, hii vinundu ilianza lini?"

"Zamani. Hata baba yangu alikuwaka nayo. Na kaka yangu."

"Beko wapi?"

"Balikufa. Moyo. Hata mumoja hakufika kuzeeka."

Daktari akamweleza kuwa damu yake ina mafuta mengi mno, ya kurithi, yanayojikusanya kwenye vinundu na kuziba mishipa ya moyo. Dawa ipo, ila Kamina haifiki. Mama akaacha mawese. Majirani wakasema anajifanya mzungu. Mwaka uliofuata alianguka darasani akisahihisha madaftari, hakuamka. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Nilipopita arobaini, nikiishi Ulaya, vinundu vilitokea kwenye visigino vyangu. Vidonge vilishusha mafuta kidogo tu. Hospitali ikaniomba nishiriki majaribio ya sindano inayonyamazisha jeni moja, ile inayozuia ini kuzoa mafuta kwenye damu.

"Mkishainyamazisha, itaamka tena?" niliuliza.

"Polepole," alisema muuguzi. "Ndiyo maana tutakuchoma tena baada ya miezi sita. Lakini wengine wanapata maji ya chumvi tu, ili tulinganishe. Hata mimi sijui nani anapata nini."

Nilitia sahihi. Majaribio yalipokwisha, niliambiwa nilipata dawa yenyewe. Mafuta yalikuwa yameshuka mno hata daktari akarudia kipimo. Niliingia chooni nikalia, kwa hasira zaidi kuliko furaha: mama hakuwahi kuipata.

Jioni nilimpigia dada yangu Kamina.

"Pima batoto damu."

"Beko bazima, banacheza!"

"Mama naye alikuwa anafundisha."

Mwezi uliofuata dada aliwapeleka watoto wake wote watatu Lubumbashi. Wawili wako salama. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na miwili, amerithi. Anameza kidonge kila siku, na mpaka leo ananinunia mimi mjomba wake kwa kumkataza mandazi.