Kipimo cha Sauti ya Bualai

Mke wangu Bualai aliimba zaidi ya miaka arobaini, yale mashindano ya tungo baina ya mwanamke na mwanamume, vijiji vyote vya upande wetu wa Roi Et, Thailand. Mimi nilimpulizia kheni, matete yaliyofungwa pamoja. Mwanamume aliyeshindana naye alikuwa na mpulizaji wake, Thongdam.

Sauti ya kheni hailegezwi kama nyuzi za zeze. Ikishakatwa, imekatwa. Mwimbaji ndiye anayeifuata.

Alipofika miaka sitini na moja, mwito wa kuanzia, ule mrefu wa juu, ukawa unamkatikia.

"Baba Kampan, tafuta kheni ndefu zaidi. Nishuke kidogo."

"Watu watasema umezeeka."

"Kwani ni vipofu? Nimezeeka."

Sikutafuta. Kheni ndefu alikuwa nayo Thongdam, na mimi sikutaka kumwiga.

Sikukuu ya hekalu ikafika. Mchana, uwanja umejaa. Nikapuliza. Bualai kimya. Nikapuliza tena. Akageuka kwenye mkeka.

"Kaka Thongdam, hebu nipe yako."

Watu wakacheka. Thongdam akapuliza, mke wangu akaita. Mwito ukatoka wote, mnene, chini ya ule wa zamani. Kina mama wakaacha kula. Bibi mmoja akaniinamia: "Na wewe mzee, umekuja kushika matete tu?"

Njiani nikamuuliza, "Mlifanya mazoezi lini?"

"Hatukufanya."

"Sasa alijuaje?"

"Ana masikio."

Afadhali angeniambia walikuwa wakionana.

"Jumamosi tuna kazi nyingine," akasema. "Uje na kheni ninayoiweza, au ubaki na kuku."

Kesho yake nikaenda kwa fundi anitengenezee mpya. Akashika kisu, akauliza, "Nizidishe kiasi gani?"

Sikujua. Miaka arobaini, na sikujua.

Nikaenda kwa Thongdam. Alikuwa anakula papai bichi la kuponda na wali wa kunata. Nilisimama mlangoni, nikamnyoshea kheni yangu. Akanawa, akaweka vidole juu ya kheni yangu.

"Ongeza vitatu. Mwakani vinne."

Akatabasamu.

Niliongeza vitatu. Mwaka uliofuata nikaagiza nyingine ya vinne, kama alivyosema. Mwito haukumkatikia tena mpaka alipofariki, Januari hii.

Siku tulipouchoma mwili wake, kama desturi yetu, Thongdam alilia mbele ya watu wote. Mimi machozi hayakuja. Hata kilio kile nilimwonea wivu.