Josepha Aukalia Mzinga

Josepha, mjane wa Raymundi, alikuwa na ulimi wa pilipili, na hakuna aliyebisha. Walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kule kupita Kipalapala, wenzake walilia. Yeye alimwambia mwenyekiti kwamba nyumba zake zimejipanga kama watoto wanaosubiri bakora. Na kila Jumapili baada ya misa alirudi mahameni kufagia nyumba yake ya zamani, aliyoijenga na mumewe kwa mikono yao. Nyumba tupu, jamani! Anaifagia na kuisemesha.

Mwaka uliofuata wanajeshi wakaja kujaribu mzinga mpya. Ukifaulu, serikali itanunua mingine; usipofaulu, utarudi ulikotoka. Wakatafuta shabaha, na shabaha gani nzuri kuliko mahame yasiyo na mtu? Nyumba ya Josepha ikapigwa alama ya chokaa.

Lo! Josepha akatoka mbio mpaka kambini.

"Mkubwa wenu kabila gani?" akamwuliza askari wa zamu.

"Mzaramo."

"Mungu si Athumani! Mtani wangu!" Akapita.

Tangu enzi za misafara ya kwenda Pwani, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani: hutukanana, hunyang'anyana vitu, na anayekasirika ndiye mshamba. Basi Josepha akaukalia ule mzinga kama kigoda, akatangaza kwamba ameuteka.

"Shuka, mpagazi we!" alisema Kapteni Pazi, akijizuia kucheka. "Babu zako walibeba mizigo, wewe umekuwa mzigo wenyewe!"

"Na babu zako walilala wakingoja ngoma ipigwe! Sishuki mpaka uiache nyumba yangu, utafute shabaha nyingine."

Askari wakaangua kicheko. Kapteni angefanyaje? Kumburuta mtani ni aibu ya kufa nayo. Akaagiza alama ihamishiwe kwenye kichuguu, upande wa pili wa mbuga.

Mzinga ukalia. Kichuguu kikawa vumbi. Josepha akapiga vigelegele kuwashinda wote, mpaka alipomwona kapteni akimjia bila tabasamu.

"Mtani, mzinga umefaulu. Itakuja mingine, na bonde lote hili litakuwa uwanja wa shabaha. Hapo neno langu halifiki."

Moyo ulimwuma Josepha, ukamwuma hasa. Kisha akasema, "Basi nyumba yangu isivunjwe na kitu kigeni, nitaibomoa mwenyewe. Nipe jembe."

Kwao, msiba huendeshwa na watani. Wao ndio wachimba kaburi, na wao ndio wanaowachekesha wafiwa. Kapteni Pazi akavua shati la jeshi, akashika jembe lake. Kila ukuta ulipoanguka aliangua kilio cha kuigiza: "Ewe nyumba, umeniachia nani wa kunisongea ugali!" Josepha alicheka huku machozi yakimtiririka. Walipomaliza, kapteni akajitwika mlango kichwani, akaufikisha kijiji kipya, watoto wakimzomea, "Mzaramo leo kafanya kazi!"

Kumbe nyumba mpya ya Josepha ilikuwa na mkeka tu mlangoni tangu alipohamia. Kila aliyemwuliza alijibiwa kwamba yeye hapo hakai. Jioni ile akaupachika mlango wa Raymundi, akaufunga kwa ndani, akalala.