Mchezaji Aliyekiri Woga

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta Jumatatu asubuhi, kwenye maegesho ya kazini kwangu, Golden Valley. Mkewe hakuandika mengi: "Shemeji, ametuacha alfajiri." Nilibaki ndani ya gari nikishindwa kufungua mlango. Ningependa kuwaambia wasomaji wangu kwamba nililia. Sikulia. Niliogopa. Tulikuwa rika moja, na tulifika Minnesota mwaka mmoja, yeye akitokea Iringa na mimi Tanga, wanafunzi wawili wenye makoti yasiyofua dafu mbele ya baridi. Kama amekwenda yeye, nilijiuliza, mimi nimebakiza nini?

Alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali moja upande wa Maplewood, mpole, mwenye kunong'ona hata akifurahi. Kwa hiyo nilishangaa alipofika miaka arobaini akaniambia anataka kucheza besiboli, mchezo ule wa kupiga kwa gongo mpira mgumu kama jiwe. Karibu na kwake, katika kitongoji cha Crystal, kulikuwa na timu ya watu wazima. Meneja wake, mzee wa Kizungu aliyestaafu ufundi bomba, alimtazama akijaribu mara tano na kukosa zote, kisha akamwita kando. "Unafumba macho," alisema. "Unauogopa mpira." Nilikuwa nimesimama pale pale, nikaona haya kwa niaba yake. "Ni kweli, naogopa sana," rafiki yangu akajibu. "Nifundishe kuogopa macho yakiwa wazi." Mzee hakucheka. Alisema kwa umri ule watu huacha mchezo, hawauanzi. Kama anataka, aje aokote mipira. Akaokota kiangazi kizima, na kila mazoezi yalipokwisha aliomba arushiwe kumi tu.

Mechi ya mwisho wa msimu ilikuwa sare, katika zamu yao ya mwisho ya kupiga, wakati mpigaji wao mmoja alipoteguka mguu, na benchi halikuwa na mwingine. Mzee alimwangalia kama mtu anayetazama paa linalovuja, akampa gongo. Wenzake watatu walikuwa tayari kwenye vituo vyote vitatu, wakisubiri kusogezwa hadi nyumbani, pale mpigaji anaposimama na pointi hupatikana. Mrushaji wa upande wa pili alikuwa pande la mtu. Mpira wa kwanza ulipita chini ya kidevu cha rafiki yangu. Wa pili pia. Mimi jukwaani nilishika mkono wa mkewe, nao ulikuwa baridi kama chuma. Wa tatu ulimpiga begani kwa sauti iliyosikika hadi jukwaani. Akaanguka. Kwa sheria za mchezo, aliyepigwa na mpira hupewa kituo cha kwanza. Kwa kuwa vituo vilijaa, kila mmoja alisogea, wa mbele akaingia nyumbani, na timu ikashinda. Wenzake walimbeba wakimwita shujaa. Mzee aliwasukuma, akamshika uso. "Kwa nini hukukwepa?" "Nilitaka kukwepa. Miguu ilikataa. Usinisifu." Hapo mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Wengine wote wangenidanganya," alisema. "Anayeniambia ukweli, najua pa kumpanga." Msimu uliofuata jina lake halikukosekana kwenye orodha.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini sisi tulioko huku tumejifunza ushujaa wa mdomoni. Alipougua, nilikwenda kumwona wodini. "Kaka, naogopa," akaninong'oneza. Nikamkatiza: "Usiseme hivyo! Jikaze, tunakuombea." Akaanza kuzungumzia theluji. Muda si mrefu akaingia yule mzee, akavuta kiti. "Unaogopa?" "Sana." "Hata mimi. Niambie unachoogopa." Akamwambia: maumivu, na mkewe kuendesha gari peke yake kwenye barafu, maana miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akimwendesha. Mzee hakumwambia ajikaze. Kila Jumamosi ya majira yale ya baridi alimchukua shemeji kwenye maegesho matupu, akamfundisha gari likiteleza afanye nini. Nilipokwenda kuhani, shemeji alikuwa ametoka kuwapokea wageni uwanja wa ndege, akiendesha mwenyewe.

Nimejiuliza kwa nini mimi, niliyemjua miaka yote ile, sikuijua hofu hiyo ya barafu mpaka mzee alipouliza. Jibu ni kwamba alitaka kuniambia, nami nikamfunga mdomo kwa maneno mazuri. Mtu akikwambia anaogopa, hajakuomba umtie moyo. Amekuomba umuulize anaogopa nini, kwa sababu huenda ndani ya jibu kuna kazi unayoiweza. Na mwenye woga aseme, kwani anayeuficha huwaacha wenzake bila la kumfanyia. Juzi nilimwambia mke wangu kwamba naogopa kufa ugenini. Akasema hata yeye anaogopa hivyo hivyo, tangu mwaka tuliofika, ila hakutaka kunitisha.