Vipara vya Wodini

Juzi pale Bombolulu nilimwona mtoto mwenye kipara, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni tulipomzuru kaka yangu Athumani katika hospitali ya msaada ya watoto wenye saratani. Wodi ilinuka uji na dawa ya kupigia deki. Watoto wote isipokuwa Athumani walikuwa na vipara. Sikujua kuwa ni dawa zilizowatoa nywele. Nilidhani wamenyolewa akika, kama vitoto vichanga kwetu Kisauni wanaponyolewa na kuchinjiwa mbuzi wa karamu.

“Mbuzi wenu wachinjwa lini?” niliuliza.

Kadzo, wa kitanda cha pili, akacheka. “Wetu washaliwa! Twangoja wa kakako.”

Athumani alikuwa akikataa sindano, akiogopa kunyonyoka. Akacheka naye, akamnyoshea muuguzi mkono.

“Haya, sista Rehema, dunga. Karamu isinipite.”

Leo ana ndevu za kufika kifuani, alhamdulillahi.