Kuinama Mara ya Pili

Mama alikuwa na wiki mbili kaburini nilipoondoka Kisangani kwenda Japani, kwenye kongamano la wanahistoria nililoahidi kuhudhuria kabla hajaugua. Papa aliniruhusu kwa sharti moja: nirudi kabla ya arobaini, kwa maana mimi ndimi niliyepaswa kumsomea Yasini. Katika ukoo wetu, uliofika huku mtoni na misafara ya biashara ya zamani, mwana wa kwanza humsomea mama yake. Asiposoma, watu huuliza kwa nini.

Siku ya mwisho ya kongamano wenyeji walitupeleka kwenye hekalu kongwe la Kishinto, lililojengwa kwa mbao zilizokwisha kugeuka kijivu, katikati ya mierezi mirefu. Mwenzangu wa chuo, Mkristo wa Isangi asiyeweza kukaa saa moja bila mzaha, alinifuata nyuma, simu mkononi. Mbele ya lango la ndani palikuwa na birika la jiwe lenye maji yanayotiririka, na juu yake zimelazwa kata za mianzi. Mgeni hunawa kabla ya kuingia. Hakuna aliyenieleza namna, nami sikuuliza. Nani angemfundisha Mwislamu kujitwaharisha?

Nilianza na mkono wa kulia, mara tatu. Nikasukutua, nikapandisha maji puani, nikaosha uso, kisha mikono hadi viwiko, nikapaka maji kichwani. Watu waliopanga mstari nyuma yangu walirudi hatua moja. Nilikuwa nimekwisha kuvua kiatu na soksi, mguu umeinuliwa kuelekea birika, mama mmoja mzee mwenye ufagio alipokuja mbio, amenyoosha viganja vyote viwili. Hakunifokea. Alichukua kata, akanionyesha: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, maji machache kinywani, basi. Kisha akainama. Nami, kwa aibu, nikainama.

Alirudi kufagia majani. Nilivaa kiatu, nikaingia uani, nikasimama mbele ya ile nyumba ya mbao. Wengine walipiga makofi mawili na kuinama. Mimi sikupiga makofi. Lakini nilimkumbuka mama ghafla, jinsi alivyomtilia papa maji ya udhu kila alfajiri, na kichwa changu kikashuka. Kilikaa chini kwa muda. Nyuma yangu simu ilitoa mlio.

Picha ilifika Kisangani kabla yangu. Mwenzangu aliituma kwa rafiki zake na maneno haya: “Profesa wetu amepata mungu wa pili, wa kwanza alikuwa na kazi nyingi.” Kutoka kwa rafiki hadi kwa rafiki, ikatua kwenye simu ya tonton, mdogo wake papa.

Asubuhi ya arobaini nilimkuta tonton ameketi kando ya papa sebuleni. Uani wanawake walikuwa wakitwanga ndizi za lituma, chakula cha wageni. Tonton aliiweka simu yenye picha juu ya meza.

“Bon. Profesa, tusomee na hii. Iko mutu gani?”

“Ni mimi, tonton.”

“Na hii nyumba? Iko musikiti?”

“Hapana.”

“Donc uliinamia nyumba ya mizimu, na leo unataka kusomea mama yako Yasini. Na kinywa gani? Ya huku ao ya kule?”

Papa alivaa miwani, akaiinua simu karibu na macho.

“Mutoto yangu, ulikuwa unainamia nani?”

Jibu lilikuwapo, tayari, lisilo na doa: nilimwinamia mama mzee wa ufagio. Nilimwinamia kweli. Picha haikumwonyesha, wala haikuonyesha kwamba alikwisha kuondoka. Neno hilo moja lingetosha, na wageni waliokuwa wakivua viatu barazani wangenikuta nimeushika msahafu. Lakini kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba ushahidi wa tukio moja haubebwi kupelekwa kwenye tukio jingine.

“Papa, niliinama mara mbili. Mara ya kwanza nilimurudishia heshima mama mumoja aliyenisaidia. Hii ya picha iko ya pili. Sikuomba kitu. Nilimuwaza mama, kichwa kikashuka.”

“Mbele ya mizimu!” alisema tonton.

“Mbele ya ile nyumba, ndiyo.”

“Ee baba,” shangazi alisema kutoka mlangoni, mwiko mkononi, “ungesema tu ulikuwa unafunga kamba ya kiatu, tungekuamini.”

Papa alivua miwani na kuikunja taratibu.

“Sikukusomesha ili unidanganye, na haukunidanganya. Lakini watu waliona picha, hawakuona moyo. Tonton yako atasoma. Wewe utaketi karibu yake. Akikosea, umurudishe.”

Kila mtu mtaani alijua kwamba tonton aliiacha madrasa mapema akakimbilia kuuza vitambaa. Nilikaa bega kwa bega naye, macho kwenye mistari, wageni wakiwa wametuzunguka kwenye mikeka. Alianza polepole. Mwisho wa kila aya midomo yangu ilifunguka. Mara moja alisita. Nikavuta pumzi ili nimpe neno, naye akalipata mwenyewe. Mbele kidogo alisita tena, jasho likimtiririka shingoni, na tena akaendelea. Nilimfuata herufi kwa herufi, kama mtu anayelinda mtego.

Hakukosea. Sura ilikwisha, mikono ikainuliwa, sebule nzima ikaitikia amina. Ndipo nilipotambua kwamba tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho sikuwa nimemwombea mama hata neno moja.