Damu ya Rozela

Nyuma ya nyumba ya mama, kijijini Kumsenga, kuna mgomba ulioota juu ya kaburi. Mkungu wake umepevuka tangu wiki iliyopita na ndege wameanza kuutoboa, lakini mama amekataza usikatwe. Anasema utakatwa na kaka yangu, yule yule ambaye kaburi ni lake. Wageni wakiuliza, namwachia mama aeleze, maana mimi nikianza napotea katikati. Kazi yangu ni kudanganya macho ya watu. Naifanya mjini Kasulu kwa miaka mingi sasa, na kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyepaswa kujua kipi ni cha kweli na kipi kimetengenezwa, ni mimi. Sijui. Nasema mapema, asije mtu akasoma mpaka chini akitegemea jibu.

Kaka alinizidi miaka sita. Jumapili tukitoka kanisani alinipakia kwenye karia ya baiskeli mpaka Kibondo mjini, kwenye banda la video lililoezekwa kwa turubai. Tulibanana kwenye mabenchi, jenereta ikinguruma nje, na sauti ya mfasiri ikipita juu ya sauti za Wazungu na Wachina, ikiwatania kwa Kiswahili cha Dar es Salaam. Mtu alikatwa kichwa. Gari liliruka juu ya ghorofa. Mjusi mkubwa kuliko kanisa letu alimeza askari na bunduki yake. Mimi sikupata kutazama sinema hata moja kwa raha, kwa sababu nilikuwa nauliza. Walimfanyaje? Kichwa kimekwenda wapi? Huyu aliyekufa leo, mbona Jumapili iliyopita alikufa pia?

Kaka alinifinya paja. "Wewe, usiulize. Ukishajua huoni tena."

Siku moja tukirudi, breki ilikatika kwenye mteremko na kaka akatua kwa kidevu. Nilisimama juu yake nikitazama. Damu yake haikuwa nyekundu kama ya bandani. Ilielekea weusi, tena ilikuwa kidogo, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikitika kwamba haikufana. Nyumbani mama alimshika kichwa, akalinyonya lile jeraha kutoa mchanga, akatema, akanyonya tena. Ndivyo alivyotutibu sote. Kaka alibaki na kovu kidevuni, lililopinda kidogo upande wa kushoto.

Nilipomaliza kidato cha nne bila kupata nafasi ya kuendelea, nilikwenda Kasulu nikajiunga na kundi la vijana waliocheza filamu na kuziuza kwenye CD. Aliyenifundisha ufundi alikuwa Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, ambaye kwao alikuwa akipaka rangi waigizaji wa jukwaani. Kila alipopata kibali cha kutoka kambini alikuja na mfuko wake wa vitu. Damu alipika kwa maua mekundu ya rozela, sukari na unga kidogo wa muhogo. Makovu alitengeneza kwa gundi na karatasi za chooni. Ujanja wote huo aliuita trikaji.

"Weka sukari mingi, ndugu yangu, ishikane," alinielekeza. "Batu banapenda kudanganywa, lakini banapenda badanganywe muzuri."

Filamu yangu ya kwanza nilichomwa kisu tumboni. CD ilipofika Kumsenga, mama alikwenda kuitazama kwa jirani mwenye televisheni. Nilipochomwa alipiga ukelele wa Kiha, "Mawe!", yaani mama yangu, akatoka nje na kukaa chini uani, na haikusaidia kitu kumwambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mlangoni nikila muhogo. Kesho yake alikataa chakula. Nikaona nimfundishe. Nilileta chupa ya damu na gundi, nikajitengenezea jeraha mkononi mbele yake, nikamwambia alikwangue kwa ukucha. Likabanduka. Nikamwambia aonje. Alisita, akatia kidole ulimini.

"Tamu. Damu yenu ina chumvi," akasema, akanitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

Tangu siku hiyo sinema haikutazamika ukiwa na mama. Mtu akipigwa risasi, yeye anapaza sauti, "Rozela!" Mtoto akizama mtoni, "Rozela!" Majirani walinilalamikia kwamba nimewaharibia starehe. Halafu jioni moja taarifa ya habari ilionyesha watu waliobomolewa nyumba na mafuriko, mzee mmoja akilia amekaa juu ya bati, na mama akasema vile vile. Nilicheka. Niliona mwanafunzi wangu amefaulu.

Kwa wakati huo kaka hakuwapo tena. Alikuwa ameondoka na wachuuzi kupitia Mabamba, akaingia Burundi, na tukasikia kwamba alivuka mpaka Kongo kwenye machimbo. Mwanzoni alituma salamu, kisha salamu zikakauka. Miaka ikapita.

Kasulu nako mambo yalibadilika. Ilikuja kompyuta, na pamoja nayo habari ya kitambaa cha kijani: unampiga mtu picha mbele ya kijani, unaiambia mashine ifute kijani, kisha unaweka nyuma yake bahari au moto au chochote utakacho. Sisi hatukuwa na kitambaa kikubwa, tukaona shamba la migomba litatosha. Mashine ikafuta migomba, ikafuta mlima, ikafuta na kitenge cha mhusika mkuu chenye majani, akabaki kichwa na miguu vikielea juu ya moto. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Aliyebuni jambo hilo hakufikiria kwamba kuna watu wanaishi ndani ya kijani.

Siku hizi hata kitambaa hakihitajiki. Unaandika maneno mawili matatu kwenye simu, akili mnemba inakuletea gharika yenye ng'ombe wanaoogelea. Wateja wa harusi wananiletea picha ya pasipoti ya baba aliyekufa, nami namkalisha mstari wa mbele, anapiga makofi, anafuta jicho. Watu wanalia na kunishukuru. Mara ya kwanza niliizima kompyuta katikati nikatoka nje, sasa nafanya huku nakunywa chai. Vijana wananiuliza kesho kutakuwaje. Nawajibu kwamba labda sinema itamtazama mtu usoni kwanza, ijue anamtaka nani, imletee huyo. Wanasema itakuwa safi sana. Mimi nashindwa kuelewa kama nafurahi au naogopa.

Mwaka juzi mtu mmoja alirudi kutoka machimboni, akasema shimo lilimfukia kaka pamoja na wenzake. Hakuona kwa macho yake, alisimuliwa. Mama alikaa na habari hiyo miezi mingi bila kulia. Mwishowe baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, akasema mtu haachwi hewani. Katika ukoo wetu, ambaye maiti yake haikuonekana anazikiwa mgomba. Unakatwa kwa kimo chake, unafungwa shuka lake, unalazwa kaburini, na watu wanalia. Kaburi lenyewe halichimbwi refu, kina cha goti tu. Ukishazikwa, aliyepotea amekufa, na mama yake anaruhusiwa kupumzika. Kazi ya kuandaa mgomba ni ya mdogo anayemfuata marehemu. Yaani mimi.

Mazishi yalipangwa Jumamosi. Alhamisi ilinikuta bado Kasulu, na video ikaingia kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua, ya nchi nyingine. Kaka alikuwa amekaa mbele ya ukuta wa udongo. "Mdogo wangu, ni mimi. Mwambie mama niko hai, nitakuja mvua zikiisha." Basi. Hakuomba kitu.

Ningeruka kwa furaha, lakini kwanza niliiingiza kwenye kompyuta. Huo ndio ugonjwa wangu. Niliisimamisha kipande kwa kipande. Ukingo wa sikio ulikuwa umefifia kidogo, kama inavyotokea mashine inapobandika sura ya mtu. Lakini video ikipita simu mbili tatu nayo hufifia. Alipepesa macho mara chache mno. Lakini kaka alikuwa na jicho kavu tangu utoto. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kongo, na hilo lilikuwa jambo la kutegemewa, au lilikuwa jambo ambalo mtu mjanja angelikumbuka. Kovu lilikuwepo, limepinda kushoto. Nilipiga ile namba mara nyingi, haikupatikana. Nani angenitumia kaka wa uongo bila kutaka chochote? Na kama ni wa kweli, mbona amekaa kimya miaka yote hiyo? Nilitazama mpaka uso wa ndugu yangu ukawa madoa ya rangi tu. Ukishajua huoni tena.

Ijumaa nilimwonyesha mama. Alitazama mara moja, akanirudishia simu.

"Rozela," akasema.

"Mama, tazama kovu."

"Kovu hata wewe ulitengeneza hapa hapa, nikalibandua. Mwanangu, unanionea huruma, umenitengenezea. Nimekuelewa, asante. Sasa nenda kakate mgomba."

Nilipaswa kubisha. Nilipaswa kwenda kwa baba mdogo na kumwambia asimamishe kila kitu. Lakini ningemwambia nini? Kwamba labda? Niliona haya kupeleka labda mbele ya ukoo mzima, nikanyamaza, nikachukua jembe na panga.

Na hapo ndipo fundi aliye ndani yangu alipomshinda ndugu. Mgomba wa mazishi hukatwa juu ya ardhi, ni bua tupu. Mimi nikaona bua tupu litakuwa jepesi, watu watalibeba kama mzigo wa majani, halitakuwa na miguu. Nikauchimbua na tunguu lake la chini kabisa, zito, lenye udongo, ili upande mmoja uvimbe kama nyayo ndani ya shuka. Mabega nikayajaza majani makavu. Nikamvika shati lake la zamani. Nilipomaliza nilirudi hatua mbili nyuma, nikaona nimefanya kazi nzuri.

Jumamosi baba mdogo alipoinua upande wa miguu, uso ulimbadilika. "Mzito kama mwenyewe," akasema. Wanawake wakaanza. Mama, ambaye hakuwa amelia tangu habari ije, alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Kila mtu pale alijua ni mgomba. Wengine walikuwa wameniona naupitisha kwenye toroli. Nami niliyeutengeneza kwa mikono yangu nikalia kuliko wote, huku mfukoni nina kaka mwingine, anayeongea, ambaye sikuthubutu kumwamini. Nilijiona mwizi, na sikujua nimeiba kwa nani.

Mvua zilikuja. Wiki ya sita mama alinipigia simu Kasulu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Njoo. Kaburi limeota."

Nilikuta chipukizi la mgomba limetokeza upande wa miguu, limejikunja kama karatasi mpya. Baba mdogo alikuwa amechutama kando yake. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama nilikata juu au niliung'oa, nami nikasema niliung'oa. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Umemzika na uhai wake," akasema. "Kaburi limemkataa."

Nilitaka kuwaeleza. Mgomba ukifukiwa na tunguu lake utaota, hata mtoto wa Kumsenga anajua, wao walijua kuliko mimi. Wao ndio wakulima. Lakini wote wawili walikuwa wamesimama pale wakitazama lile jani, na mama alikuwa na uso ambao sikuuona tangu kaka aondoke. Aliikataa video yenye sura yake, sauti yake na kovu lake, na sasa alikuwa anaamini jani. Kosa langu mwenyewe ndilo lilimrudishia mwanawe. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa upendo au kwa woga.

"Mpigie," mama akasema.

"Haipatikani, mama. Nimejaribu sana."

"Mpigie."

Nikaibonyeza ile namba iliyotuma video, ikaita. Picha ilikatika ikarudi, ikakatika tena, kisha akatokea, mbele ya ukuta ule ule wa udongo, amekonda.

"Mwakeye, mama," akasalimu kwa Kiha.

Mama hakuitikia. Kwetu mama na mwana wakipoteana hivyo hawasalimiani kwa mdomo tu. Wanashikana mikono mpaka viwikoni, wanakaa hivyo wakiulizana habari moja moja. Aliichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaisogeza karibu na uso.

"Inua kidevu," akamwambia.

Kaka akainua. Mama akaweka ukucha juu ya kioo, pale penye kovu, akakwangua. Alikwangua taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, akifuata linavyopinda. Kaka alitulia, kidevu juu, kama alivyotulia siku ile ya baiskeli. Kisha mama akaweka kidole kile ulimini, akafumba macho. Tulingoja, mimi uani na kaka huko aliko.

Mama akafumbua macho, akanirudishia simu bila kuitazama.

"Hana sukari, hana chumvi," akasema. "Mwambie aje."